Ukifika Chemosit, Pandora Haiko Mbali

Mvua ya Kericho haina adabu kwa watazamaji wa sinema. Hungoja alasiri, watu wakiwa wamekwisha kulipa kiingilio na kubanana kwenye mabenchi, ndipo ishuke juu ya mabati. Ikishashuka, stelingi apige kelele atakavyo, husikii kitu. Unabaki kutazama midomo inayochezacheza na kujisimulia mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoiona Avatar mara ya kwanza, mwaka 2010, katika banda la video kwenye kituo kimoja cha biashara kati ya Litein na Kapkatet. Televisheni ilikuwa ya inchi 21, imefungwa kwa mnyororo kama mbwa mkali, na kioo chake kilikuwa na doa la zambarau kwenye kona ya kushoto. Kila mnyama wa Pandora aliyepita kona ile aligeuka rangi, na kwa muda mrefu nilidhani ndivyo alivyokusudia James Cameron. Santuri yenyewe ilikuwa ya magendo. Mtu fulani alikuwa ameinasa ndani ya jumba la sinema, ng'ambo huko, maana mara mbili kilipita kisogo cha mtazamaji aliyekuwa akienda zake msalani. Filamu iliyogharimu dola milioni 237, iliyotengenezwa ili picha zichomoze na kumfikia mtu usoni, sisi tuliitazama bapa kama chapati, kwa shilingi kumi.

Ndani mle walikuwamo wachuma chai wa mashamba makubwa waliokuwa wametoka kazini, wengine bado na aproni za plastiki zinazochuruzika maji. Walikuwamo wakulima wadogo waliokwisha kupimiwa majani kwenye kituo cha kununulia, watoto waliojipenyeza bila kulipa, na mzee mmoja aliyevaa koti zito na kofia ya sufi, ambaye nadhani aliingia kujikinga mvua tu.

Kwa asiyeijua hadithi: ni mwaka 2154. Binadamu wamemaliza dunia yao, wakavuka anga hadi Pandora, mwezi wenye misitu, ambako chini ya ardhi kuna madini ya thamani. Juu ya madini hayo wanaishi Wanavi, watu wa rangi ya buluu, warefu kama mita tatu, wenye mikia. Kampuni inataka wahame. Jake Sully, askari aliyepooza miguu, anaingizwa akili yake ndani ya mwili uliotengenezwa maabarani kwa kuchanganya mbegu ya mtu na ya Mnavi, atumwe kwao awapeleleze. Anapata miguu, anapata mchumba aitwaye Neytiri, na upelelezi unamtoka.

London na New York, Desemba 2009, watu walitoka kwenye kumbi wakizungumzia msitu. Cameron na mafundi wa Weta Digital kule New Zealand walikuwa wamefanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa kiwango hicho. Waigizaji walivalishwa nguo za kubana zenye alama, wakafungwa kamera ndogo mbele ya uso, kila mkunjo wa shavu ukanaswa na kuhamishiwa kwenye sura ya buluu. Majani yalichorwa kwa kompyuta, na usiku yakawaka yenyewe kama vimulimuli. Milima ilielea. Mtaalamu wa isimu, Paul Frommer, alipewa kazi ya kuwatungia Wanavi lugha yao, yenye sarufi yake. Filamu ikanyakua tuzo 3 za Oscar, zote za mambo ya macho: upigaji picha, usanifu wa mandhari na mazingaombwe ya kompyuta. Ilipojumlishwa na marudio yake imeingiza zaidi ya dola bilioni 2.9, na hakuna sinema nyingine iliyofikia kiasi hicho.

Bandani kwetu msitu ulipita bila mtu kushtuka. Walikuwa wameacha mwingine nje. Mto wa Pandora, ukungu wa Pandora, maporomoko ya Pandora: ni Mau ya kusini-magharibi hiyo, wanakokata kuni na kufuata ng'ombe waliopotea. Yule mzee alitazama kijiji kizima cha Wanavi kikining'inia kwenye mti mmoja, akainama na kumuuliza jirani yake swali la maana, kama hawa watu wana ng'ombe. Akaambiwa hawana. Akatikisa kichwa kwa huruma, na nadhani tangu hapo hakuwategemea sana.

Kilichowanyamazisha watu ni matingatinga.

Pale katikati ya filamu mashine zinaingia msituni, kubwa kama majumba, hazina dereva ndani, zinaongozwa kutoka mbali. Zinakuja polepole na hazisimami. Jake anapanda juu ya moja na kuvunja kamera zake, kwa maana hakuna mtu wa kupigana naye pale juu, kuna jicho la kioo tu. Mvua ilikuwa imepungua kidogo wakati huo, tukasikia chuma kikisaga miti. Hakuna aliyecheka, hata watoto. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alivuta aproni yake hadi kidevuni.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Sinema humshangaza mtu kwa asichonacho, na watu wa Kericho na Bomet hawakukosa kijani. Ila kuna kitu kingine, ambacho mgeni anayesimamisha gari ajipige picha katikati ya mashamba huwa hakioni. Kijani kile chenyewe kimetengenezwa. Mchai si kichaka. Ukiuacha bila kuukata unakuwa mti, unapita mita kumi. Asili yake ni huko China na Assam, na hapa umeletwa ukapandwa kwa mistari, ukakatwa kiunoni mwa binadamu, ukakatwa tena kila baada ya miaka michache, ukalazimishwa kuwa tambarare ili mkono uufikie. Wenyewe wanaiita meza ya kuchumia, na ni meza kweli: unaweza kutazama kutoka barabarani ukaona vilima vyote vimetandikwa kitambaa kimoja, hakuna jani lililozidi lenzake. Kila baada ya siku saba hadi kumi na nne mtu anapita akivunja majani mawili na kichipukizi. Hata mpaka kati ya msitu wa Mau na makazi una ukanda wa michai, Nyayo Tea Zones, ulioanza kupandwa mwaka 1986 uwe ukuta wa kuzuia watu wasiendelee kuingia msituni. Cameron alihitaji kompyuta nyingi kuumba nchi isiyokuwapo. Hapa iliumbwa kwa panga na nyapara.

Na kabla ya kuumbwa kulikuwa na nchi nyingine, yenye wenyewe. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kushika kasi miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakitangulia, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakilisha ng'ombe na kulima wimbi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, watu ambao neno lao lilisikika kuliko la mkuu wa wilaya. Walisombwa, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya mbung'o na mbu, watu wa baridi wakatupwa joto. Madai yao hayajazikwa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliihoji Uingereza juu ya jambo hilo, na mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis waliwasilisha malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg.

Katika Avatar kuna meneja wa kampuni, kijana mwenye shati safi, anayelalama kwamba wenyeji wamepewa dawa, wamepewa elimu, wameahidiwa barabara, na bado hawataki kuhama. Kijana aliyekuwa akiendesha mtambo pale bandani alipolifafanua hilo kwa Kiswahili, watu waliguna kwa namna ambayo sijaisikia katika ukumbi wowote wa Nairobi. Wengi wao walisomea shule ya kampuni, walizaliwa katika zahanati ya kampuni, na jioni ile wangerudi kulala katika nyumba ya kampuni.

Watu walimsifu Cameron kwa kuona mbali, kuipeleka hadithi hadi 2154. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliona mbali kuliko yeye. Iliruhusu ardhi kukodishwa kwa miaka 999. Aliyeandikiwa karatasi yake 1925 angeirudisha 2924, na jitu la buluu lenye mkia likiwa limekwisha kuzeeka na kufa mara kadhaa. Katiba tuliyoizindua Agosti 2010, miezi michache baada ya jioni ile ya bandani, ndiyo iliyokata muda huo na kusema asiye raia asizidishe miaka 99. Kama mtu anatafuta hadithi za kubuni za kisayansi zilizoandikwa Kenya, aanzie kwenye masjala ya ardhi.

Matingatinga yasiyo na dereva nayo yamekwisha kufika, kwa umbo jingine. Mashine ya kuchuma chai ya mkono inashikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa michai, injini ikinguruma kama pikipiki iliyoudhika. Makali yanapita juu ya meza ya chai, upepo unayasukuma majani hadi kwenye begi refu la kitambaa linalofura nyuma yao, na begi lile huburuzika juu ya mashina kama mkia wa mnyama aliyeshiba. Ziko kubwa zaidi zinazotembea kwa minyororo. Mashine haichagui majani mawili na kichipukizi, inanyoa. Lakini hainung'uniki, haizai, haihitaji nyumba. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kimepigana nayo mahakamani na nje ya mahakama tangu mwanzoni mwa karne hii, na Mei 2023, huko Kericho, vijana waliingia shambani wakazichoma moto. Nilipoona picha za video, chuma cheusi kikifuka moshi katikati ya kijani kisafi, nilikumbuka Jake Sully akivunja jicho la kioo. Sisemi walikuwa sahihi. Nasema picha ile nilikuwa nimekwisha kuiona.

Sasa turudi kwa yule kijana wa mtambo, maana bila yeye tusingeona chochote.

Sinema nyingi katika mabanda ya Kenya huja na sauti ya DJ Afro juu yake. Uganda wana VJ Jingo, Tanzania ilikuwa na Lufufu. Watu hawa huitwa watafsiri, jina ambalo haliwatoshi. Mtafsiri wa kweli angesema alichosema mwigizaji. Hawa husema alichopaswa kusema. Humpa adui jina la mtaani, humsuta stelingi anapochelewa kufyatua, humtahadharisha msichana kwamba aliyejificha nyuma ya mlango ana kisu. Katika nchi ya chai kazi yao ina faida nyingine: kambi za wafanyakazi zina Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote benchi moja.

Avatar ilitufikia ikiwa mbichi, kwa Kiingereza na Kinavi, bila msimulizi. Kwa hiyo kijana wa mtambo alisimama kando ya televisheni, mkono mmoja mfukoni, akaifanya kazi hiyo mwenyewe, akiishinda mvua kwa sauti. Alipofika pa kueleza ule mwili wa maabara, nusu mtu nusu Mnavi, nilijiambia hapa atakwama. Hakukwama. Alisema neno moja la Kikipsigis, nusu ya banda ikacheka, na wengine wakaelezwa na majirani zao: Chemosit.

Msomaji aliyepita barabara ya Kericho kwenda Sotik anaijua Chemosit kama kituo, kabla hujafika Litein. Kuna soko na mto wa jina hilo. Lakini jina hilo lina mwenyewe wa zamani zaidi. Ni zimwi la hadithi za Wakalenjin, ambalo kila kogo amewahi kulitumia kuwalaza wajukuu. A. C. Hollis, afisa wa Kiingereza aliyeandika kitabu juu ya Wanandi kilichotoka 1909, aliandika alivyoelezwa: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Makalio tisa! Nimewasoma watunzi wengi wa viumbe vya sayari za mbali, na sijakutana na aliyethubutu kufika hapo. Kinywa kinachowaka gizani, nacho, kilikuwa kikisimuliwa kando ya moto wa kuni miaka mingi kabla ya kompyuta za New Zealand.

Kapkatet, mwendo mfupi wa gari kutoka bandani mle, pana kisa kingine cha namna hiyo, nacho kimerekodiwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika hapo na mashine yake ya kunasia sauti. Akakuta watu wanaimba kuhusu mtu aitwaye Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani kutoka Mississippi aliyefariki 1933 na ambaye hakuwahi kukanyaga Kenya. Sauti yake ndiyo iliyofika, ndani ya santuri za gramafoni za Wazungu. Jina likapita katika ulimi wa Kikipsigis likatoka na kiambishi cha nyumbani, na mwenye jina, kwa maelezo ya Tracey, akapewa mwili anaostahili: nusu mtu, nusu swala. Wasichana waliorekodiwa walimsihi acheze ngoma ya kuruka ya Wakipsigis, aruke hadi nguo zimtoke. Rekodi hiyo ilizunguka dunia, na katika muongo uliopita watafiti waliirudisha Kapkatet wenyewe waisikilize.

Kila ninaposikia rekodi ile namwona kijana wa mtambo. Sauti imetoka ndani ya sanduku, haina uso, haina miguu, inasema lugha isiyoeleweka. Mtu mwingine angeuliza ilikotoka. Watu wa Kapkatet waliuliza ina mwili gani, wakaujenga, wakaualika uwanjani. Cameron alitumia miaka na mamilioni kuunganisha nafsi ya mgeni na mwili wa mwenyeji. Wale wasichana walitumia wimbo mmoja na kinubi.

Labda ndiyo maana sikitiko langu kubwa ni kwamba nchi hii ya chai haijapata sinema yake ya aina hiyo. Kenya imekwisha kujaribu, na kwa ustadi. Mwaka huohuo wa Avatar, 2009, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu ya dakika 21 tu, iliyoonyeshwa Sundance mwaka uliofuata. Humo maji yamekwisha baada ya vita vya kuyagombania. Watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, wanakunywa jasho na mkojo wao uliosafishwa, na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka, anapanda mbegu, inachipua, naye anatoroka kwenda jangwani kuitafutia mahali. Ilipigwa Afrika Kusini. Hakuna msitu unaowaka. Kuna mche mmoja, na mwanamke anayeukinga jua kwa kivuli chake. Nikiulizwa ni ipi kati ya hizo mbili iliyonikaa zaidi, nitataja ya mche mmoja, ingawa najua ukiiweka bandani Litein mvua ikinyesha itakuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba maji yatakwisha. Na huenda hapo ndipo pa kuionyeshea hasa, maana mito ya Mau ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya.

Jioni ile hatukufika mwisho. Kanali Quaritch, mkuu wa askari wa kampuni, alikuwa amejifunga ndani ya jitu lake la chuma, kisu mkononi, Neytiri amebanwa chini ya mnyama aliyekufa, ndipo umeme ukakatika. Banda lote likapiga yowe. Watu hawakusimama. Shilingi kumi ni shilingi kumi. Kijana akawasha tochi ya simu yake, akaielekeza kwenye kioo cheusi cha televisheni kana kwamba filamu bado imo, akaendelea. Alitupigia vita kwa mdomo, risasi kwa mdomo, akamchoma Quaritch mishale miwili, akampa stelingi mwili wa buluu moja kwa moja, kisha akawapanga wageni mstari na kuwapandisha chombo chao warudi kwao. Baadaye, tulipokuwa tukingoja matatu, alinikiri kwamba mwisho wenyewe hakuwahi kuuona. Santuri ile ilikuwa imefika asubuhi. Nilipouona mimi, miezi mingi baadaye, nilikuta hakukosea hata kitu kimoja, mpaka ile mishale miwili.

Ila kabla watu hawajatoka, mama mwenye aproni aliuliza kutoka gizani: "Na hawarudi?"

Kijana alizima tochi akafikiri kidogo. "Watarudi, mama," akasema. "Safari hii watakuja na karatasi."

Desemba 2022 niliketi katika ukumbi wa Nairobi, miwani ya plastiki puani, kuitazama Avatar ya pili. Kioo kilikuwa kikubwa kama ukuta wa kiwanda cha chai, na sauti haikushindana na mabati. Haukupita muda mrefu, nyota mpya zikatokea angani usiku, zikakaribia, zikawa meli, na moto wa injini zao ukateketeza msitu kabla hata hazijatua. Nilivua miwani nikaifuta kwa shati, nikairudisha, nikatazama tena vizuri. Karatasi sikuziona. Labda zilikuwa bado ndani ya meli.